Utabiri wa bahari nao upimwe

Kusi inapopamba moto, kati ya Juni na Agosti, tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huwa karibu lile lile: angalizo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2 kwa baadhi ya maeneo ya Tanga, Dar es Salaam, Pwani pamoja na Mafia, Lindi, Mtwara, Unguja na Pemba. Halina kosa. Ila limebeba pwani nzima, takriban kilomita 800, na maneno "baadhi ya maeneo" hayamwambii mwenye ngalawa wa Kizimkazi kama yumo au hayumo. Akibaki nyumbani na bahari ikawa shwari, riziki ya siku imepotea. Akitoka na kurudi salama siku tatu mfululizo, angalizo la siku ya nne halimshughulishi. Ninachodai ni hiki: kila angalizo la bahari lipimwe siku yake ikishapita, eneo kwa eneo, na matokeo yatangazwe kwa sauti ile ile iliyotangaza angalizo.

Ujuzi hatujaukosa. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia tarehe 4 Mei 2024, Mamlaka ilikuwa imeshatahadharisha siku kadhaa kabla, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa. Lakini kimbunga ni kitu kikubwa, setilaiti hukiona tangu kingali mbali. Upepo wa saa tisa alasiri kwenye mkondo wa Zanzibar ni mgumu zaidi, na hapo ndipo wengi siku hizi hukimbilia Windy au Windguru kwenye simu. Programu hizo husoma hesabu za kompyuta za Ulaya na Marekani, zinazoigawa dunia katika miraba. Mraba wa Ulaya una upana wa kilomita tisa hivi, na data za Kimarekani zinazosambazwa bure mara nyingi ni za miraba ya kilomita 25 au zaidi. Unguja haifiki kilomita 40 kwa upana wake. Kwa miraba mikubwa namna hiyo, upepo unaozaliwa na joto la kisiwa chenyewe hupotea ndani ya wastani, ingawa simu itaandika namba yake kwa kujiamini kabisa.

Hata "mita 2" ina lake. Wataalamu wanapotaja kimo cha mawimbi, huwa ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa kuliko mengine, kwa hiyo wimbi moja moja laweza kukaribia mita 4. Wakati wa bamvua, maji yanapotoka kwa kasi kwenye mlango wa mwamba huku upepo ukisukuma kuingia, mawimbi hayo hayo husimama wima. Nahodha analijua hilo. Mgeni aliyekodi kayaki pwani ya mashariki ya Unguja halijui: anaona maji yaliyotulia ndani ya mwamba, haoni kwamba yanamvuta kuelekea mlangoni. Jedwali la kujaa na kupwa linaaminika miaka mbele, maana ni hesabu ya mwezi na jua, lakini mara chache utaliona pamoja na utabiri wa upepo katika taarifa moja.

Watasema wavuvi wana elimu yao ya mawingu na nyota, kwa nini tuhangaike? Elimu hiyo ni ya kweli, nayo ndiyo dawa ya pingamizi zito zaidi: kwamba bila maboya ya kupimia baharini hakuna cha kulinganisha na utabiri. Viwanja vya ndege vya Unguja, Pemba, Mafia, Tanga na Mtwara hupima upepo. Manahodha wa boti za abiria huvuka mkondo kila siku. Na kwenye madiko zipo kamati za wavuvi, na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) upande wa bara, zinazoweza kuandika mambo matatu kila jioni: upepo ulitoka wapi, bahari ilichafuka saa ngapi, vyombo vilitoka au havikutoka. Si vipimo vya maabara. Vinatosha kuonyesha kama angalizo la Nungwi lilitimia na la Makunduchi halikutimia.

Pingamizi la pili ni la kibinadamu: bora kuonya mara kumi bure kuliko kunyamaza mara moja watu wakafa. Anayelipwa mshahara mwisho wa mwezi huliona hilo wazi kuliko anayekula alichovua jana. Onyo lisilotimia lina gharama, na gharama hiyo humwangukia mvuvi peke yake. Kuhusu hofu kwamba takwimu zitaiaibisha Mamlaka, tumezoea kusikia usahihi wa utabiri wa mvua za msimu ukitajwa kwa asilimia, na hakuna aliyeaibika. Kwenye madiko hesabu inafanyika tayari, kwa kumbukumbu za vichwa vya watu, na huko yaliyokosewa hukumbukwa kuliko yaliyotimia. Kinachohitajika ni daftari, pesa za vocha na mtu mmoja wa kujumlisha kila Ijumaa. Madiko kumi yakianza Mei, kufikia mwisho wa Septemba kutakuwa na kusi nzima ya kulinganisha, kabla kaskazi haijaleta bahari ya namna nyingine.