Aksio na deni

Watu mingi wanazani: udongo wetu uko na shaba mingi, basi aksio ya sosiete yenye kuuchimba ni nzuri. Sivyo. Ukinunua aksio, unanunua kipande cha sosiete nzima, na deni lake ndani.

Angalieni Glencore, wenye sehemu kubwa ya KCC pale Kolwezi. Mwezi wa 5, 2011, aksio yao iliuzwa London kwa pensi 530. Mwezi wa 9, 2015, ilianguka chini ya 70. Shaba ilikuwa ingali mule udongoni! Lakini bei yake ilishuka duniani, na deni lilikaribia dolari miliari 30. Wakaacha kugawa faida, KCC ikasimamisha kutoa shaba. Nyuma walipunguza deni, bei ikapanda. Ila feza ya masomo ya watoto ingengoja namna gani?

Mtoto wako wa Ubelgiji akikuuliza anunue aksio gani, mwambie asome hesabu za miaka 10. Deni ni ngapi? Mwaka ule bei ilikuwa chini, faida ilibaki? Wakikataa kuonyesha, aache, hata mgodi uwe tajiri namna gani.