KAMERA SI BUNDUKI, MWACHENI KIJANA APIGE PICHA

KIJANA wa Vingunguti hahitaji kuinua kichwa ili ajue ni ndege gani inapita. Anaijua kwa mlio. Mwenzake wa Kiwalani atakuchambulia kijiweni: hii ya pangaboi ni Q400, ile kubwa yenye mabawa yaliyopinda kama upinde ni Dreamliner, na ukibisha atakutajia hata namba yake ya usajili.

Wengi wa vijana hao hawajapanda ndege hata siku moja. Lakini wanazipenda kama wengine wanavyopenda Simba na Yanga. Na kwa kuwa siku hizi simu ya mkononi ina kamera, wanapiga picha, wanaweka kumbukumbu, wanashindana nani kanasa ndege ngeni. Burudani hii haimleweshi mtu wala haimpeleki mtu kukaba vichochoroni.

Kosa lao ni nini basi? Kosa lao ni kuzaliwa hapa.

Mtalii akishuka KIA na lenzi ndefu kama mchi, anaitwa mgeni wetu. Anabebewa begi, anafunguliwa mlango wa gari. Mtoto wa nchi akishika lenzi hiyo hiyo anaulizwa: nani kakutuma? Mimi mwenyewe yamenikuta. Nilisimama barabarani, nje kabisa ya uzio wa uwanja mmoja wa ndege ambao sitautaja. Mlinzi akaniamuru nifute picha zote, kisha akaanza kuzungumzia chai. Nikamwomba anionyeshe kifungu cha sheria. Akanionyesha rungu.

Haingii akilini. Njia ya kurukia anayoilinda yule bwana inaonekana kwa satelaiti. Tangu 2005 mtu yeyote aliyekaa Tokyo au Toronto anaweza kuitazama kwa Google Earth. Na Julai 2018, Dreamliner ya kwanza ya ATCL, 5H-TCG, ilipotua Dar es Salaam, Rais wa wakati huo John Magufuli alikwenda mwenyewe kuipokea na televisheni zikarusha moja kwa moja. Ndege ile ile ikipigwa picha na mkubwa ni fahari ya taifa, ikipigwa na mlalahoi ni ujasusi?

Ubabaishaji huu si wetu peke yetu. Novemba 2001 Ugiriki iliwakamata wapenzi wa ndege 14, Waingereza 12 na Waholanzi wawili, baada ya kwenda kwenye maonyesho ya ndege katika kambi ya Kalamata. Walikaa rumande wiki kadhaa. Aprili 2002 wote walitiwa hatiani, wanane wakapewa miaka mitatu kwa ujasusi. Novemba mwaka huo mahakama ya rufaa ikawaachia. Mwaka mzima wa aibu ulipotea kwa sababu dola haikuweza kuamini kwamba mtu mzima anaandika namba za ndege kwa raha zake tu.

Sasa sikilizeni faida ya watu hao. Baada ya Septemba 2001, shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilikuwa likiwasafirisha watuhumiwa wa ugaidi usiku usiku kwenda kwenye magereza ya siri. Nani aliliumbua? Waandishi wa habari, wakisaidiwa na wapenzi wa ndege waliosimama uzioni na kamera zao. Picha za Gulfstream moja yenye namba N379P zilisaidia kuunganisha safari na safari, uwanja na uwanja. Mwaka 2007 ripoti ya Bunge la Ulaya ilisema safari zisizopungua 1,245 za ndege za CIA zilitumia anga au viwanja vya Ulaya kati ya mwishoni mwa 2001 na mwishoni mwa 2005. Na msidhani hiyo ni habari ya Wazungu tu. Mvuvi mmoja Mtanzania alikamatwa Mogadishu 2003, akazungushwa katika magereza hayo hadi Afghanistan, akaachiwa 2008 bila kushtakiwa.

Kwetu je? Novemba 2010 wanyama hai zaidi ya 100, wakiwamo twiga wanne, walipakiwa KIA kwenye ndege ya kijeshi ya Qatar wakatoroshwa nje ya nchi. Twiga! Mnyama mrefu kuliko wote duniani, yule yule aliyechorwa kwenye mkia wa ndege za ATCL, alipitaje getini bila kuonekana? Desemba 2014 mahakama ya Moshi ilimhukumu raia mmoja wa Pakistan miaka 60 jela. Hukumu ilisomwa mshtakiwa hayupo, alikwishakimbia. Washtakiwa watatu wa Kitanzania wakaachiwa.

Sidai kwamba picha moja ingezuia wizi ule. Ninachosema ni kwamba siku ile walinzi walikuwapo, na twiga wakaondoka. Mwizi wa mali ya umma haogopi bango la "hakuna kupiga picha". Analipenda. Anachokiogopa ni kijana asiye na kazi maalumu, aliyesimama nje ya uzio, anayejua ndege ngeni akiiona.

Najua jibu la wakubwa: usalama. Hatujasahau Agosti 7, 1998, mabomu yalipolipua balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam na kuua watu zaidi ya 200. Usalama ni jambo la kweli, na mwenye akili hapigi picha kambi ya jeshi. Lakini Uingereza nayo imelipuliwa mara ngapi? Hata hivyo uwanja wa Manchester umetenga eneo kando ya njia ya kurukia, watu wanalipia maegesho, wanapiga picha na watoto wao, na Concorde G-BOAC imewekwa hapo kwa maonyesho. Uwanja unaingiza fedha, na watazamaji wanakuwa macho ya ziada. Sisi tunafukuza macho ya bure, halafu tunalia hatuna ulinzi.

Porini nako kuna mizengwe, ingawa ya namna nyingine. Kiingilio cha hifadhi kwa raia kinalipwa kwa shilingi na ni nafuu kuliko cha mgeni. Kinachomshinda kijana wa mjini ni gari. Hifadhi zetu hazitembelewi kwa daladala. Ndiyo maana wengi wetu tumepiga picha ya kwanza ya tembo kupitia dirisha la basi, pale barabara kuu ya Iringa na Mbeya inapokata Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Pundamilia, twiga, nyati, wote bure, mradi kioo kiwe safi na umewahi siti ya dirishani. Hiyo ndiyo safari ya mlalahoi.

Mkumbuke Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi 1943, akakulia Dar es Salaam, akaanza utotoni na kamera ya Box Brownie. Oktoba 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliitikisa dunia nzima. Mtoto mwenye kamera ya kuchezea akawa shahidi wa bara zima. Angefutiwa picha zake kila alipoinua mkono, tungempata wapi?

Kwa hiyo tunataka mambo matatu. Kwanza, itangazwe wazi ni wapi pamekatazwa, kwa sheria gani, kuanzia wapi hadi wapi. Pengine pote mwananchi aachwe. Pili, viwanja vya ndege vitenge sehemu ya kutazamia, hata kwa kiingilio cha buku. Tatu, hifadhi ziweke mabasi ya bei nafuu kwa vijana mwishoni mwa wiki.

Na sisi tuwe na adabu. Usiruke uzio. Usimtupie nyani ganda la ndizi ili akae vizuri kwenye picha. Ukimpata faru, zima alama ya mahali kwenye simu kabla hujasambaza, maana jangili naye anatazama picha. Na mlinzi akikujia, mwamkie, mwonyeshe ulichopiga, kisha umwulize kwa upole: sheria ipi, mkuu? Tukiuliza wote, kila siku, kila uzio, iko siku atakwenda kumwuliza bosi wake.