Fungua Dirisha, Mlipe Mwalimu

Kile kibunduki cha kupima joto mlangoni kilinichosha mwaka 2021. Kila studio ya yoga niliyoingia Nairobi baada ya kufunguliwa tena ilikuwa nacho. Soja alikielekeza kwenye paji la uso wako, akasoma 34.1, joto ambalo lingekuwa la kweli ungekuwa unakimbizwa hospitalini, halafu akatabasamu: "Uko sawa, ingia." Ulipewa sanitaiza. Ulivua viatu. Mkeka ulipigwa dawa hadi ukanuka kama bwawa la kuogelea. Kisha watu 16 walijipanga kwenye chumba kimoja, mlango ukafungwa ili kelele za matatu zisiharibu utulivu, madirisha yakafungwa, udi ukawashwa, na kwa saa nzima tukapokezana pumzi.

Na tangazo lao lilisema: mazingira salama.

Wacha tusemezane ukweli. Mtu anaweza kuambukiza wengine siku mbili kabla hajahisi hata homa, na wengine hawahisi kitu kabisa. Kibunduki hakimwoni huyo. Na mkeka si adui mkubwa. Adui ni hewa. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilikawia kulisema hili: Machi 28, 2020 lilitangaza mtandaoni kwamba Covid-19 haisambai hewani. Julai mwaka huo wanasayansi 239 waliandika barua ya wazi kulipinga. Mpaka Aprili 30, 2021 ndipo maelezo yake kwa umma yalikiri waziwazi kwamba virusi husambaa hewani katika vyumba visivyopitisha hewa vizuri, ambako watu hukaa kwa muda mrefu. Zaidi ya mwaka mzima! Huku sisi tukisugua vitasa vya milango.

Niliacha chuo mwaka wa tatu, kwa hivyo sina shahada ya chochote, achilia mbali ya afya. Lakini moshi nauelewa. Chembe ndogo zinazotoka mdomoni huelea chumbani kama moshi. Kwa hiyo ule udi wanaouwasha ndio kipimo bora kuliko kibunduki: ukiingia darasa la saa moja na bado unasikia udi wa darasa la saa kumi na mbili, basi na pumzi za wale wa saa kumi na mbili bado zipo, zinakungoja.

Kuna mkasa wa Cheonan, Korea Kusini, ambao ningependa kila mwenye studio ausome. Mapema 2020, ndani ya siku 24, maambukizi 112 yalihusishwa na madarasa ya dansi ya mazoezi katika kumbi 12. Vyumba vidogo, watu wengi, kuhema kwa nguvu. Kati ya walimu walioambukizwa alikuwepo mmoja aliyefundisha yoga na Pilates, wanafunzi saba au wanane tu kwa darasa. Hakuna mwanafunzi wake hata mmoja aliyepatikana na virusi.

Wapenzi wa yoga wakisikia hivyo wanashangilia, eti mchezo wetu ni mtakatifu. Hapana. Watafiti walikisia kwamba hawakuhema kama wale wa dansi. Sasa chukua kapalabhati, ile pumzi ya kufyatua hewa kwa tumbo mara nyingi mfululizo, uifanye na watu 16 chumbani madirisha yakiwa yamefungwa, kisha uniambie tofauti yake na kukoholeana iko wapi. Kapalabhati ingoje. Muziki nao uzimwe, kwa sababu mwalimu anayepaza sauti kushindana na spika hutoa chembe nyingi kuliko anayesema polepole. Na aache kutushikashika viuno eti anarekebisha mkao. Hilo hata kabla ya Covid wengi hatukulipenda.

Haya yote mwalimu anayajua. Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Rafiki yangu anayefundisha hulipwa kwa kichwa: shilingi 250 kwa kila mkeka, wakati mteja ameacha 1,000 pale mezani. Watu 16 ni 4,000. Mwambie achukue sita, atabaki na 1,500, na nauli bado. Akiamka koo linamwasha, akibaki nyumbani anapata sufuri, na darasa lake linapewa mwingine, pengine moja kwa moja. Wewe ungefanya nini? Angemeza kidonge, anywe tangawizi, apande mathree. Na soja angesoma 34.1.

Kanuni zote za ukutani zinavunjwa na hiyo 250. Studio inayotaka kuitwa salama imlipe mwalimu kwa darasa, si kwa kichwa, na imlipe akiwa mgonjwa ili abaki kwake.

Najua wenye studio watasema kodi. Kodi ni ngumu, sikatai. Lakini mbona uchungu wa kodi unaishia kwa mwalimu, ambaye hata hakusaini mkataba wa nyumba? Na si lazima iwe ndani. Jiji hili liko karibu mita 1,800 juu ya bahari na jua lake halichomi kama la Mombasa. Kuna nyasi Arboretum, kuna viwanja vya shule vinavyokaa bure Jumamosi. Juni na Julai baridi inauma, sawa, vaa sweta.

Wengine waliniambia turudi Zoom yaishe. Hao wana chumba cha ziada. Mimi naandika nikiwa kitandani, mgongo umepinda kama ndoano, na nyumba ni chumba kimoja tunachogawana na binamu yangu na mtungi wa gesi. Bando ikiisha katikati ya mkao, hakuna wa kuniambia nishuke.

Kwa hiyo bado naenda darasani, na barakoa yangu, nakaa karibu na dirisha na nalifungua mwenyewe. Siku hizi, kabla sijatoa hiyo 1,000, namuuliza yule wa mezani maswali mawili: leo tuko wangapi, na mwalimu analipwaje akiugua. La kwanza hunijibu. La pili huniita meneja.