Faida ya Redio ya Kujiundia

Wako watu wasemao ya kwamba kuunda redio kwa mikono yako ni kupoteza wakati na fedha. Husema, "Dukani mna redio zilizokwisha kuundwa, nzuri tena rahisi, mwenye akili hununua moja, akasikiliza habari, akaenda zake." Maneno hayo yana ukweli ndani yake. Kama haja yako ni kusikia habari tu, basi nunua. Lakini mimi nasema ya kuwa mwanafunzi ana haja iliyo kubwa kuliko kusikia, nayo ni kufahamu; na kufahamu hakuuzwi dukani.

Siku hizi huuzwa visanduku vyenye vipande vya redio ndogo pamoja na karatasi ya maelezo, naye mnunuzi huviunga mwenyewe. Redio iliyo nyepesi kuliko zote ni redio ya fuwele. Vipande vyake ni vichache, na kila kimoja kina kazi yake. Antena, yaani waya mrefu uliotandwa juu, hupokea mawimbi ya stesheni nyingi yakiwa yamechanganyika, na waya wa pili hushuka kuingia ardhini. Koili ya waya wa shaba, ikisaidiwa na kapasita, huchagua wimbi moja na kuyaacha mengine. Daiodi hupitisha umeme upande mmoja tu, na kwa njia hiyo sauti iliyochukuliwa na wimbi hupata kutengwa nalo. Mwisho vipo visikizio vya masikioni, ambavyo hugeuza umeme kuwa sauti. Redio hii haina betri hata moja, kwa kuwa nguvu yake yote yatoka katika wimbi lenyewe. Kwa sababu hiyo sauti yake ni ndogo, nayo humtosha mtu mmoja.

Kazi hii si ngeni. Mwaka 1922 idara ya vipimo ya serikali ya Marekani ilitoa kijitabu cha kufundisha watu kujiundia redio ya namna hii nyumbani, wapate kusikia habari za dunia, hali ya hewa, saa na bei za mazao. Wakati huo mahali pa daiodi paliwekwa kipande cha jiwe la madini ya risasi, na mtu alikigusagusa kwa ncha ya waya mwembamba mpaka apate mahali panapoleta sauti.

Sasa tazameni jambo lililotokea mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Askari wa Marekani walikuwa wamezingirwa huko Anzio, katika pwani ya Italia, wakikaa ndani ya mahandaki. Walitamani kusikia muziki na habari, lakini hawakuwa na duka wala kisanduku cha vipande. Basi baadhi yao walitwaa wembe wa kunyolea, wakauegemezea kipande cha risasi ya kalamu, na vitu hivyo viwili vikafanya kazi ya jiwe lile. Waliwezaje? Waliweza kwa kuwa walijua kazi ya kila kipande. Mtu ajuaye jina la kipande tu, kikikosekana hukaa bure. Lakini ajuaye kazi yake hutafuta kingine cha kuwekwa mahali pake.

Hapo ndipo nitakapo kuwaonya. Msidhani ya kuwa kununua kisanduku kwatosha kuleta elimu. Yuko mwanafunzi aifuataye karatasi kama kasuku: huambiwa weka hiki hapa, naye akaweka; lehemu hapa, naye akalehemu. Redio ikisema, hufurahi, akaiweka rafuni, na mambo yakaishia hapo. Huyo hakumpita sana yule aliyenunua redio nzima. Elimu yaanza siku ile mwanafunzi aulizapo, "Kwa nini mizunguko ya koili ni mingi kiasi hiki?" Akaongeza mizunguko kadhaa, akaona ya kuwa stesheni zimehama mahali pake, kwa sababu koili kubwa huchagua mawimbi yaliyo marefu zaidi. Tena akauondoa waya wa antena katika mwisho wa koili, akaufunga karibu na upande wa waya wa ardhini. Sauti ikapungua kidogo, lakini stesheni mbili zilizokuwa zikisema pamoja zikatengana. Huyo sasa redio ni yake kweli.

Walakini kugeuza vitu kwataka adabu. Kwanza, unda kama karatasi isemavyo mpaka redio iseme, kisha ndipo ugeuze. Pili, geuza kitu kimoja tu kwa mara moja, na kuandika katika daftari ulilofanya na ulilosikia. Mathalani, ukiondoa daiodi ya jermaniamu na kuweka ya silikoni, huenda redio ikanyamaza kabisa. Sababu yake ni kwamba ya jermaniamu huanza kupitisha umeme vizuri kwa volti 0.2 au 0.3, bali ya silikoni hungoja kiasi cha volti 0.6, na stesheni iliyo mbali haina nguvu hiyo. Kama siku ile ile umegeuza na koili pia, utajuaje ni kipi kilichoinyamazisha? Haraka haraka haina baraka.

Tatu, jihadharini na hatari. Msitande antena karibu na nyaya za umeme, wala msiishike wakati wa radi. Redio iliyokufa iliyokuwa ikitumia umeme wa nyumba msiifungue pasipo mtu mzima aijuaye kazi hiyo, maana ndani yake umeme waweza kubaki hata baada ya kuzimwa.

Jambo la nne ni la kuulizwa kabla ya kununua. Redio ya fuwele hufaa mahali palipo na stesheni ya mawimbi ya kati yenye nguvu, isiyo mbali. Katika nchi nyingine, kama vile Ujerumani na Ufaransa, stesheni nyingi za namna hiyo zimefungwa. Basi ulizeni kwanza stesheni za kwenu hutumia mawimbi gani. Kama ni ya FM tu, chagueni kisanduku cha FM chenye transista na betri. Mafunzo yake hayapungui.

Mtu atasema, "Sisi ni maskini, fedha hizo tutazipata wapi?" Namjibu ya kuwa kisanduku kimoja chawatosha wanafunzi wengi, mradi waunde kwa zamu na kufungua tena. Katika vijiji vingi zipo redio zilizotupwa kwa ajili ya waya mmoja uliokatika, kwa kuwa hapana ajuaye kuutafuta. Mtoto mmoja aliyezoea kuuliza kazi ya kila kipande aweza kuirudishia sauti redio ya jirani yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi mkipata kisanduku hicho, ikunjueni karatasi, muisome mpaka mwisho, kisha mwulizane juu ya kila kipande: hiki kazi yake nini?