Usiku wa Majengo Nao Uhesabiwe

Mwenzangu ameandika kwamba Nairobi ingali jiji la baridi, ati kwa kuwa adhuhuri zake hazijazidi za zamani. Amepima nusu ya siku! Mwaka 2000, King'uyu, Ogallo na Anyamba walichapisha uchambuzi wa vipimo vya Afrika Mashariki: katika sehemu kadhaa, joto la usiku lilikuwa limepanda waziwazi, ingawa pwani na kando ya maziwa makubwa mambo yalikwenda vingine. Usiku ukiongezeka joto kuliko mchana, tofauti kati yao hupungua hata kama adhuhuri haikubadilika. Na katika mtaa wa Majengo, hapo Nairobi, kuta zilizobanana hufyonza joto la jua kutwa, zikalitoa watu wamelala. Upepo utapita wapi? Mwenzangu alete vipimo vya saa nane usiku, ndipo tubishane.