Anayeficha Ujuzi Amefundishwa Kuuficha



Wapendwa waamini, juma lililopita tulialikwa kuzungumza na wakuu wa idara wa ofisi moja iliyomo katika eneo la parokia yetu. Walilalamika kwa uchungu kwamba watumishi wao wa siku nyingi hawataki kuwarithisha vijana ujuzi. Karani wa masjala ndiye peke yake ajuaye faili lilipo, na fundi wa pampu husubiri kijana atoke nje ndipo akaze nati ya mwisho. Wakatuomba tuwahubirie watumishi hao juu ya dhambi ya uchoyo. Tulikataa, na kwa kuwa baadhi yao hawakupendezwa, hatuna budi kueleza sababu.

Fundi huyo tunamfahamu. Alikuwa na mwenzake, hodari kuliko yeye, aliyewafundisha vijana wawili yote aliyoyajua. Mwaka haukuisha, mzee akaambiwa nafasi yake haipo tena: vijana wanatosha, tena mishahara yao ni midogo. Hakuagwa hata kwa soda. Ninyi mnamwita aliyebaki mchoyo. Sisi tunamwona mwanafunzi aliyelielewa vema somo mlilompa.

Mwaka 2003 wanasaikolojia watatu wa Marekani, Dacher Keltner, Deborah Gruenfeld na Cameron Anderson, walichapisha makala iliyounganisha tafiti nyingi juu ya mamlaka na hisia za binadamu. Hoja yao ni kwamba mtu anayejiona ana uwezo huelekea kuchangamka. Huziona fursa zilizo mbele yake, husema na kutenda bila kusitasita. Asiye na uwezo huelekea kwenye wasiwasi. Macho yake hutafuta hatari inatokea wapi, naye hujizuia. Kumtaka mtu aliyejikunyata hivyo agawe ujuzi ni sawa na kumtaka mwenye homa ya baridi ampe jirani blanketi lake. Ujuzi ndio kinga pekee aliyobakiwa nayo.

Mtu atasema hayo ni maneno ya vitabuni. Haya, tutazame kiwandani. Huko Fremont, California, kampuni ya General Motors ilikuwa na kiwanda cha magari kilichojulikana kwa utoro, ulevi na kazi mbovu. Kikafungwa mwaka 1982. Mwaka 1984 kilifunguliwa upya kwa ubia na Toyota, kikaitwa NUMMI, na walioajiriwa wengi walikuwa walewale wa zamani, pamoja na chama chao kilekile cha wafanyakazi. Zamani mwiko mkubwa ulikuwa kuusimamisha mstari wa kuunganishia magari, hata gari likipita na kasoro. Sasa kila mfanyakazi alikuwa na kamba karibu yake: akiona kasoro aivute, kiongozi wa kikundi aje watazame pamoja, na ikishindikana mstari usimame. Mauzo yaliposhuka mwishoni mwa miaka ya 1980, hawakupunguzwa kazi, bali walipelekwa mafunzoni. Utoro ulipungua sana, na ubora wa magari ukakaribia ule wa Japani. Hatusemi palikuwa peponi. Kiwanda kile kilifungwa mwaka 2010, baada ya General Motors kujitoa mwaka uliotangulia. Tunasema tu kwamba watu walioitwa wabovu walikuwa na maarifa tele, ila hapakuwa na aliyewapa kamba ya kuvuta.

Mkuu mmoja alitujibu kwamba mtumishi akionja mamlaka atakuwa na kiburi. Ni kweli kwamba mamlaka yana ugonjwa wake. Mwaka 2006 Adam Galinsky na wenzake walieleza jaribio ambamo watu waliombwa waandike herufi E kwenye paji la uso. Waliokumbushwa kwanza wakati walipokuwa na mamlaka juu ya wengine walielekea zaidi kuiandika isomeke sawasawa kwa upande wao, na kinyume kwa anayewatazama. Lakini, ndugu zangu, katika ofisi ile wenye herufi iliyogeuka si karani wala fundi wa pampu! Uwezo juu ya kazi yako ni jambo moja, na uwezo juu ya mkate wa mwenzako ni jambo jingine. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya kazi wa mwaka 1981, alionya kwamba mfanyakazi asifanywe ajione kama kipande tu cha mashine kubwa inayoendeshwa kutoka juu.

Nasi tusijitoe. Tulipohamia hapa tulimnung'unikia katekista wetu mzee, ambaye anajua koo zote na nani ni ndugu wa nani, jambo ambalo paroko hulihitaji kabla ya kutangaza ndoa. Kila tulipomwuliza alijibu neno moja. Tulimdhania mchoyo, mpaka tulipotambua kwamba tangu siku ya kwanza tulikuwa tumembadilishia ratiba, funguo na hata kiti chake, bila kumwuliza lolote. Tulimrudishia funguo. Tukamwachia aongoze mwenyewe kikao cha wachumba, sisi tukakaa pembeni na kalamu. Alizungumza tangu saa tisa alasiri mpaka kengele ya Malaika wa Bwana ilipogongwa jioni, na daftari letu likaishiwa kurasa.