Soda Si Mshahara: Kuigiza Nako Ni Kazi



Tarehe 20 Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na haikuchukua muda tukayaona matokeo hapa Nakivale. Watafsiri, walimu wasaidizi, wahamasishaji wa afya, mmoja baada ya mwingine aliambiwa kazi imeisha. Ile motisha ya kila mwezi haikuwa nyingi, lakini ilinunua sabuni, ilinunua daftari za wadogo zetu, ilipunguza deni la dukani. Halafu Mei mwaka huohuo WFP ikawaondoa karibu wakimbizi milioni moja wa Uganda kwenye mgao wa chakula. Kwa hiyo mtu alipoteza kazi, na sahani ikapungua.

Kati ya hao waliopoteza kazi, kuna walioingia kwenye maigizo. Watu wanawacheka: "Amekosa kazi, sasa anachezacheza tu." Sisi hatukubali. Mhamasishaji aliyezoea kusimama mbele ya akina mama mia moja na kueleza habari ya kipindupindu kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyarwanda, tayari ana nusu ya ufundi wa mwigizaji. Anajua kupaza sauti bila kipaza sauti. Anajua lini watu wamechoka. Nusu iliyobaki anaweza kujifunza: kukariri, kusikiliza mwenzake jukwaani, kukaa kimya pale kimya kinapohitajika.

Shida yetu iko kwingine. Iko kwenye malipo.

Angalieni Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni. Angalieni zile siku 16 za kupinga ukatili, kuanzia 25 Novemba hadi 10 Desemba. Kila mwaka tunaitwa. Mwenye hema analipwa, mwenye spika analipwa, aliyechapa fulana analipwa. Mwigizaji anapewa soda, biskuti na moja ya zile fulana. Tukiuliza, tunajibiwa kwamba tunapewa "nafasi ya kuonyesha kipaji". Hakuna anayemwambia fundi wa hema aje kuonyesha kipaji chake.

Mchezo wa dakika 20 hautoki hewani. Kikundi cha watu sita kinafanya mazoezi alasiri tano au sita, na kila alasiri ni kibarua cha shambani ambacho mtu amekiacha. Na kama ni ule mchezo ambao watazamaji wanausimamisha na kuingia wenyewe kubadilisha mwisho, kama alivyofundisha Augusto Boal wa Brazil, kazi inazidi. Mwigizaji lazima awe tayari kumjibu mzee yeyote atakayepanda jukwaani na wazo lake, bila kumwaibisha. Hiyo ni kazi ya akili.

Tunajua mtasema: hela hakuna, hata sisi wa mashirika tumepunguzwa. Ni kweli, na wenzenu walioondoka tunawakumbuka. Lakini basi fanyeni maonyesho mawili yaliyolipwa badala ya matano ya bure. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inatupa haki ya kufanya kazi. Hatuombi huruma. Tunaomba mambo matatu: siku za mazoezi ziandikwe kwenye bajeti pamoja na siku ya onyesho, makubaliano yawe kwenye karatasi, hata nusu ukurasa, na mkitaka kutupiga picha na kuzipeleka kwa wafadhili, mtuulize kwanza.

Sasa tugeukie sisi wenyewe, kwa sababu ndoto nayo inaweza kumdanganya mtu.

Barkhad Abdi alikimbia Mogadishu akiwa mtoto, akakulia Yemen, kisha akafika Minneapolis. Alikuwa dereva, hakuwahi kuigiza, alipochaguliwa kucheza katika Captain Phillips, filamu ya 2013, pamoja na Tom Hanks. Alishinda tuzo ya BAFTA na akateuliwa kwa Oscar. Na bado, baada ya kumaliza kupiga filamu hiyo, alirudi kufanya kazi katika duka la simu la kaka yake. Kama yeye alihitaji duka, sisi ni nani tutupe jembe?

Kwa hiyo kijana unayeanza, usiache cherehani, saluni au shamba lako. Panga siku za mazoezi na siku za kutafuta chakula. Kikundi kiwe na daftari: nani alikuja, hela gani iliingia, nani alipata ngapi. Vikundi vingi havivunjwi na njaa, vinavunjwa na hela isiyoelezwa. Jifunze na kazi za pembeni: kusoma tangazo la redio, kutafsiri maneno ya mchezo, kukata video kwenye simu. Mazoezi yaishe kabla giza halijaingia, ili dada zetu warudi salama na wazazi wasikose imani. Na mtu akikuomba hela ili akuweke kwenye filamu, au akitaka mkutane usiku peke yenu kwa "majaribio", huyo hana filamu. Kimbia, halafu mwambie kiongozi wa kikundi chako.

Vikundi vya hapa, kabla 20 Juni ijayo haijafika, tukae pamoja tukubaliane bei moja ya chini kwa onyesho, na tusiivunje kwa siri ili kupendwa na mwenye mradi. Kikundi kimoja kikikubali soda, wote tumelipwa soda.